Bega Lililopona kwa Picha

Msinieleze mimi habari za sheria. Sheria niliiona kwa macho yangu, Mbarara, ghorofani, imekaa kwenye viti vitatu vyenye mito. Mume wangu Bienfait alikuwa amesimama mbele yake, mkono wake wa kuume unaning'inia, na sheria haikumtazama. Ilikuwa inatazama picha.

Ngoja nianzie fasi inapoanzia, maana nikianza na hasira sitafika.

Mimi ni Marthe. Tulitoka Kivu ya Kusini, tukapewa kiwanja Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, tukalima mahindi na maharage kama wenzetu. Bienfait ni mtu asiyeweza kukaa. Alisema shamba halimtoshi, akaenda kutafuta kazi Mbarara, akaipata kwenye kiwanda cha mbao cha mzee Kabanda pale Kakoba. Kazi yake ilikuwa kubeba mbao kutoka kwenye msumeno kuzipeleka kwenye lori. Jumamosi anarudi nyumbani, Jumapili anahudumu kanisani maana ni shemasi, Jumatatu anapanda gari tena. Mwaka 2009, wakati wa kiangazi, rundo la mbao likamwangukia. Lilimpiga bega la kuume na mfupa ukatoka fasi yake.

Wale wa zahanati ya karibu walivuta wakashindwa. Daktari mmoja wa Mbarara akampima vizuri, akaandika wazi kwamba mfupa umetoka na umekwama, lazima apasuliwe urudishwe. Halafu akanigeukia mimi, nadhani aliona sura yangu, akasema polepole, "Mama, hii haingoji. Ikikaa miezi mingi inashikana pale ilipo, na hakuna mtu ataifungua tena." Nilitoka mle ndani na neno hilo moja. Kila kitu walichoniambia baadaye, nilikuwa nauliza tu moyoni: na mfupa je, umefika wapi?

Basi, nani alipe huo upasuaji? Watu wa afya kambini walisema ajali ya kazini ni ya mwenye kazi. Tukaenda Kamukuzi kwa ofisa wa kazi, bwana Kabera, mtu mwembamba ambaye hukohoa kila anapotaka kusema ukweli. Akasoma karatasi ya daktari, akakohoa, akaamua kwamba Kabanda atalipa operesheni yote. Mambo yalikuwa yamekwisha. Siku ile nilipika sombe ya majani ya muhogo nikaimba peke yangu jikoni.

Sasa sikieni mume wangu alichofanya.

Kanisani kwetu mtu hangoji kupona ndipo ashuhudie. Anashuhudia kwanza, kwa imani, halafu uponyaji unakuja nyuma, kama unavyotandika mkeka kabla mgeni hajafika. Mama Orpa ameshuhudia kupona macho miaka mingi, na mpaka leo anashikwa mkono kupelekwa chooni. Hakuna anayemwita mwongo. Sisi kwa sisi tunaelewana, na tukisikia ushuhuda tunajua unakwenda wapi.

Jumapili moja, tukingoja Kabanda apange siku ya operesheni, Bienfait akasimama mbele akasema, "Bandugu, bega langu limepona." Pasteri Semahoro akamwambia, "Inua mikono, umushukuru Mungu." Wa kushoto ukapanda. Wa kuume ukakataa. Ndipo mashemasi wenzake, Patient na Gasore, wakasogea mmoja huku na mmoja huku, wakamsaidia kuuinua, na Bienfait akainamia upande wa kushoto ili mkono uonekane uko juu. Wote watatu walikuwa wamevaa makanzu ya kwaya yenye mikono mipana, basi huwezi kujua nani ameshika nini. Niliona mume wangu anauma mdomo. Machozi yalimtoka, na kanisa likafikiri ni ya furaha.

Modeste, ambaye kazi yake ni kupiga watu picha baada ya ibada na kuwauzia, akapiga palepale. Katika picha ile Bienfait anaonekana kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Alinunua moja. Mimi nikadhani ni ya kuweka ukutani. Kumbe Jumatatu alipanda gari nayo mpaka Kakoba, akampa Kabanda mkononi. Aliporudi nikamwuliza, we Bienfait, umerogwa? Akanijibu kwa upole wake ule unaonichosha. "Mzee Kabanda anajisumbua roho juu ya ile ajali. Nilitaka aone Mungu hamukasirikii. Pengine ataokoka."

Kabanda hakuokoka. Kabanda aliipeleka picha kwa wakili, na wakili akakata rufaa.

Rufaa ikikatwa, operesheni inasimama. Bwana Kabera mwenyewe alitueleza hivyo. Nikamwuliza, "Na mufupa, bwana ofisa, nao unasimama?" Akakohoa. Tukavuna mahindi, tukapanda mengine, na Bienfait akajifunza kulima kwa mkono mmoja, jembe amelibana kwapani. Usiku hakulala upande wa kuume. Mimi nilikuwa nalibonyeza lile bega kila asubuhi kana kwamba naweza kuujulia hali mfupa, naye ananiambia niache, linauma.

Ndipo tukaitwa Mbarara, ghorofani, mbele ya kamati inayosikiliza rufaa. Walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo, daktari asiyesema sana; mwanamume wa miwani, ambaye si daktari na anasema yote; na mwingine wa kuandika. Upande wa pili akakaa Kabanda na wakili wake. Picha ya Modeste ilikuwa katikati ya meza, imelazwa juu ya kitambaa safi.

"Hii ni wewe?" mwenye miwani akamwuliza Bienfait.

"Ni mimi."

"Mkono iko juu."

"Ndiyo, bwana, lakini balinisaidia kuinua."

"Nani alikusaidia? Mimi naona mtu moja na kwaya."

"Patient na Gasore. Mikono yabo iko ndani ya makanzu."

Mwenye miwani akaisogeza picha karibu na dirisha. Akaigeuza akatazama nyuma yake, nadhani alikuwa anatafuta mikono ya Patient. Mwenzake wa kuandika akauliza kama kuna nyingine iliyopigwa kutoka upande. Hakuna.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. "Lakini mutu mwenyewe si njo huyu? Amesimama hapa. Mumuangalie yeye."

Wakili akainuka taratibu, akanipa tabasamu. "Nyabo, mama yangu, mtu anaweza kudanganya. Anaweza kuteremsha mkono yake makusudi. Picha haina faida yoyote ya kudanganya." Na mwenye miwani akaitikia kwa kichwa, akaona hilo ni jambo la busara kabisa.

Wakaita shahidi, pasteri Semahoro. Alikuja na koti lake la harusi na mazishi. Ni mtu mwema sana, na siku ile nilitamani kumnyonga.

"Pasta," wakili akamwuliza, "huyu alipona ama hakupona?"

"Alipona."

"Na huu mkono unaoning'inia?"

Pasteri akajipangusa uso. "Mukono haujapata habari."

Yule wa kuandika akainua kalamu. "Habari inachukua muda gani kufika?"

"Inategemea mutu," pasteri akasema. Nayo ikaandikwa.

Uamuzi ulichukua wiki nyingi, na bwana Kabera ndiye aliyetusomea, kule Kamukuzi, mlango umefungwa. Kamati imeona kwamba Bienfait alipona Jumapili ile, mbele ya kanisa zima, na kiongozi wa kanisa amethibitisha. Kwa kuwa alipona, ajali ya Kakoba imekwisha na mzee Kabanda hadaiwi kitu. Na kwa kuwa leo mkono haupandi, basi Bienfait aliumia mara ya pili, baada ya kupona. Aliumia akiwa wapi? Picha inaonyesha. Alikuwa kanisani, anainua mikono, katika kazi yake ya ushemasi. Kwa hiyo madai yapelekwe kwa mwajiri wake wa siku hiyo.

"Mwajiri gani?" nikauliza.

"Kanisa," Kabera akasema, na safari hii alikohoa mpaka akatafuta maji. Alipotulia akaongeza kwamba kuna njia moja. Kama yule aliyesema mgonjwa alipona atarudi na kusema hakupona, kamati inaweza kusikiliza upya.

Nilicheka njia nzima ya kuteremka kilima cha Kamukuzi. Watu waligeuka kunitazama. Kufika chini nikagundua kwamba nalia, na Bienfait amenishika kiwiko kwa mkono wake mzima, ananiambia pole kana kwamba mimi ndiye niliyeangukiwa na mbao.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa pasteri, nikamkuta anapukuchua mahindi uani. Nikamweleza yote. "Ni neno moja tu, pasteri. Museme hakupona."

Akaweka gunzi chini. "Marthe, mimi nikisimama mbele ya serikali niseme Mungu hakuponya, Jumapili nitahubiri nini?"

"Utahubiri kwamba bega la shemasi wako linaharibika."

"Mungu ana wakati wake."

"Mungu hana mufupa wa kushikana," nikamwambia. "Bienfait anao." Na nikaondoka bila kuaga, kitu ambacho mimi sijawahi kumfanyia mchungaji tangu nizaliwe, na sijutii hata kidogo.

Jumapili pasteri hakuanzisha wimbo. Alisimama mbele, watu wakaanza kutazamana. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, "Bandugu, Bienfait hakupona."

Mama Orpa, kwenye benchi la mbele, akauliza, "Na mimi, pasteri?"

"Wewe, mama, unaniona?"

"Ninaona kuna mutu fasi hiyo."

"Basi na wewe haujapona," pasteri akasema.

Mama Orpa akashusha pumzi ndefu. "Asante," akasema. "Nilichoka kujikwaa nikisema ninaona."

Hapo ndipo ilipofunguka. Gasore alisimama akasema mgongo wake haujapona hata siku moja, na siku ile ya kumwinua Bienfait karibu uvunjike. Mtu mwingine akasema kikohozi. Mutesi, ambaye ameshuhudia ujauzito mara nyingi na sisi tukampigia vigelegele kila mara, alisimama akasema, "Mimi sina mutoto," akakaa. Wanawake waliokuwa karibu naye wakahama mabenchi wakaenda kumzunguka. Watu walijipanga mstari. Wengine walicheka, wengine walilia, na wengine walifanya yote mawili. Modeste alikaa mlangoni na kamera yake, amenuna, maana hakuna mtu anayenunua picha ya kutokupona. Sadaka ilisahaulika. Sijawahi kupenda kanisa letu kama nilivyolipenda siku ile, na nilimwonea pasteri huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Kwa hiyo tulirudi kwa kamati tukiwa na uhakika. Kiangazi kingine kilikuwa kimeanza. Kitambaa kilekile, picha ileile, Kabanda na wakili wake. Kabera naye alikuja akakaa nyuma. Pasteri akasimama, akasema bila kuzunguka, "Hakupona. Nilisema kwa imani. Bega ni lile la siku ya mbao."

Wakili akainuka. "Naomba kuuliza. Huyu pasta ni daktari?"

"Hapana," pasteri akasema.

"Ana cheti yoyote ya udaktari?"

"Sina."

"Sasa anaweza kujua namna gani kwamba mtu hajapona?"

Watatu wakainamiana wakanong'ona. Nikasimama. "Aliposema amepona, hamukumuuliza cheti."

"Kaa chini, mama," mwenye miwani akasema, bila ubaya. "Kupona hii ya kanisa ni mambo ya dini, pasta anaweza kusema. Lakini kutopona ni mambo ya hospitali. Hiyo inataka daktari. Je, kulikuwa na daktari ndani ya kanisa hiyo Jumapili, aliyeona kwamba hakuna kitu ilifanyika?"

Hakukuwa na daktari. Wakatuambia basi tutafute daktari anayeweza kuthibitisha, kwa maandishi, kwamba muujiza ambao hakuuona haukutokea. Wakili akapendekeza kesi iahirishwe ili tupate nafasi ya kumtafuta. Mwenye miwani akaona ni huruma kubwa kwa upande wetu. Yule mwingine akaanza kuandika tarehe.

Hapo mimi sikufikiri kitu. Nilimwendea mume wangu nikaanza kumfungua shati. Akaninong'oneza, "Marthe, batu banaona." Nikamwambia njo ninavyotaka, waone. Kwetu mwanamke hamvui mume wake nguo mbele ya wakubwa, hata akiwa na wazimu, na pasteri Semahoro aligeuza uso ukutani. Nilifungua mpaka kifungo cha mwisho, nikaliteremsha shati.

Bega la kushoto lilikuwa mviringo kama la mtu yeyote. La kuume lilikuwa limekatika kama kona ya meza, na mbele, chini ya mtulinga, kichwa cha mfupa kilikuwa kimesukuma ngozi. Mkono wenyewe ulikuwa umekonda.

Mwenyekiti, yule mama daktari ambaye hakuwa amesema sana siku zote mbili, alisimama. Akazunguka meza. Akaja akaweka mkono wake juu ya bega la Bienfait, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote wa upande ule kumgusa. Akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma, akajaribu kuuinua mkono polepole. Mume wangu hakuwahi kupiga kelele, hata siku ya mbao. Sasa alisema, "Mama wee," kwa sauti ndogo, na yule daktari akamshika kiuno asianguke.

"Hii haikuumia kanisani," akasema kwa wenzake. "Hii ni ya zamani. Ni ya siku ile ya mbao, na haijawahi kurudi." Halafu akasema mengine kwa Kiingereza, na yule wa kuandika akaandika haraka, na Kabera akatutafsiria kutoka nyuma kabla hajaombwa: rufaa ya Kabanda imeanguka, operesheni yote ni juu yake.

Pasteri akasema haleluya, chini kwa chini, mara moja tu.

Mimi nilikuwa na swali lilelile. "Bamupasue lini?"

Yule daktari alikuwa bado ameshika bega. Hakunijibu kwa sauti ya kamati. "Mama, imeshikana," akasema. "Mngeniletea yeye wakati ile ya kwanza, ningeirudisha. Sasa nikiingia pale nitavunja tu, na maumivu itazidi. Hakuna daktari mzuri atakubali."

"Lakini tumeshinda," nikasema.

"Mmeshinda," akasema, na akatazama pembeni.

Yule wa kuandika akauliza aandike nini, maana operesheni imekubaliwa na haiwezekani. Mwenye miwani akamweleza kwamba kamati imeulizwa nani alipe, haikuulizwa kama kuna kitu cha kufanya. Kabanda akanyanyuka, uso unang'aa, akasema yeye hana kinyongo, yuko tayari kulipa operesheni hiyo hata kesho. Akaja kumpa Bienfait mkono wa pongezi. Na juu ya fidia ya mkono uliokufa, mwenye miwani akasema, hayo ni madai mengine kabisa. Yanaanza upya Kamukuzi, na mzee Kabanda ana haki ya kukata rufaa.

Tulikuwa kwenye ngazi, nafunga vifungo vya shati la mume wangu. Bienfait akasema, "Basi tushukuru, Marthe. Tumeshinda." Nikamwambia hapana. Leo hautamushukuru mutu yeyote, nikamwambia, sitaki kusikia. Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa fimbo ya kutembelea. Kisha akakaa kwenye ngazi akalia kwa sauti kubwa, miezi yote ile ikamtoka kwa mara moja, na watu waliokuwa wanapanda wakatupita wakijibana ukutani. Nikakaa upande wake. Pasteri Semahoro akakaa upande wa pili, koti lake la harusi likagusa vumbi, na hakuomba.